Ile sauti mnayotumiana, huu ndio ukweli wake

Nimeisikia. Dakika mbili na sekunde kumi na nne. Nimeisikia kwenye kundi la baiskeli, nimeisikia kwenye kundi la ukoo, na leo asubuhi shangazi kapiga simu toka Kondoa kuuliza kama nimeshazikwa au wanasubiri ndugu wa mbali. Basi tusichoshane. Ile sauti inayosema "Chuma, usiondoke, naona giza" ni yangu. Anayelia ni mimi. Anayecheka kwa mbali si mimi, na nikimfahamu tutaonana.

Ila Chuma, niliyekuwa naye siku nilipoanguka na baiskeli, kawatumia sauti, hakuwatumia sababu. Mbaya zaidi kaiandikia na maneno yake chini: "Mhazini wetu akiaga dunia, barabara imenyooka, mwendo wa mtoto." Kona ilikuwepo. Naomba hilo lisikike kabla sijaendelea. Kona ilikuwepo, na kwenye kona palikuwa na mchanga.

Mzunguko wenyewe mnaujua, ule tunaouita wa wastaafu. Unatoka Dodoma mjini alfajiri, unashika barabara ya Iringa, unapita Bihawana, ukifika Matumbulu unaingia barabara ya mzunguko wa nje, unakunja magharibi hadi Nala, halafu unarudi mjini kwa barabara ya Singida. Kilomita hamsini na kitu. Ile barabara ya mzunguko ukiifuata yote ni kilomita 112.3, sisi tunakata kipande tu, lami mpya, njia mbili kila upande, hakuna mlima wa kumshusha mtu. Tunaanza na upande wa Iringa kwa sababu ya upepo. Mwezi huu wa Agosti upepo wa kusini-mashariki unaamka mida ya saa tatu, na ukishaamka unataka uwe umeupa mgongo. Ukienda Matumbulu umeshaumaliza ungali mchanga, kisha unakusukuma hadi Nala bure. Aliyewahi kuzunguka kinyume anajua alilia wapi. Tahadhari pekee ni mwishoni, barabara ya Singida, maana malori ya kwenda Burundi, Rwanda na Kongo yanapita hapo na hayana habari na jezi yako.

Ndiyo maana nasema ni mzunguko wa wastaafu. Mtu hafi huko. Ndiyo maana pia inauma.

Jumamosi tulikuwa wawili tu, mimi na Chuma. Wengine mlituma udhuru wa harusi, na bado ninyi ndio mnaoongoza kwa kucheka. Kupita Bihawana jua ndiyo kwanza linachomoza, mashamba ya zabibu kushoto na kulia, watu wameshaingia kuvuna, maana zabibu inakatwa asubuhi kabla haijapata joto. Mmezoea picha za mizabibu ya Ufaransa, vilima kijani mpaka upeo wa macho. Ya kwetu haiko hivyo. Shamba ni ekari moja, mbili, nguzo na waya, udongo mwekundu, uzio wa miiba kuzuia mbuzi, na mbuyu mmoja umesimama katikati kama mwenyekiti wa kijiji. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda zabibu Bihawana wakitafuta divai ya misa, leo inavunwa mara mbili kwa mwaka. Huku hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Anayeuamsha ni mkulima na mkasi wake: akipogoa leo, baada ya miezi minne hivi anaita wachumaji.

Mandhari hiyo, jua lile, na mimi nimevaa jezi mpya nyeupe. Hiyo jezi muikumbuke, tutairudia. Nikasema lazima ipigwe picha.

Hapa ndipo nilipokufa, kama mnataka kujua. Kule kwenye kona nilikwenda kuzikwa tu.

Kwa wasioijua Dodoma: kuna kitu kinaitwa mbigili. Ni mmea unaotambaa chini, kiua chake cha njano, kizuri tu, hakina hatia. Tunda lake likikauka linapasuka vipande vitano, na kila kipande kina miiba miwili mirefu imekaa kama pembe za mbuzi. Kitupe unavyotaka, lazima mwiba mmoja uangalie juu. Kinapenda ardhi iliyokanyagwa: pembezoni mwa lami, njia za miguu, uwanja wa mbele ya duka. Katikati ya barabara hukioni kwa sababu matairi ya magari yameshakizoa. Kwa hiyo sheria ya baiskeli ya resi huku kwetu ni moja. Haitoki kwenye lami. Ikibidi itoke, inabebwa begani. Haisukumwi, haiegeshwi kwenye majani, hailazwi chini.

Mimi niliisukuma mita thelathini hivi kwenye njia ya shambani. Nilitaka mbuyu uonekane.

Picha ilitoka vizuri. Tairi la mbele lilitoka na mbigili saba. Nilizing'oa moja moja huku nahesabu kwa sauti, Chuma anaitikia kama kwaya. La nyuma lilikuwa na mbili, bahati nzuri hazikufika kwenye tyubu. Kila mbigili ya mbele niliyovuta ilijibu "sss", na saba zile zilikuwa na sauti zake, nyingine nene, nyingine nyembamba.

Mtu mwenye akili hapo anatoa tyubu mpya, anabadilisha, dakika nane yuko barabarani, viraka atabandika nyumbani jioni akiwa na chai. Kila mtu anayetoka mjini kwa matairi membamba abebe tyubu mbili, msemo huo mimi mwenyewe ndiye niliyewaandikia kwenye kundi. Sikuwa na hata moja. Kwa nini mhazini wa kikundi, aliyekabidhiwa pesa za tyubu, hakuwa na tyubu? Tutafika. Tena wengine mmeshafika, maana sauti mnayo.

Basi kiraka. Kwanza niwape inavyotakiwa. Kabla ya kuvua tyubu, tazama valvu ilikaa mkabala na maandishi gani ya tairi, ili tundu utakalolikuta kwenye tyubu likuonyeshe mwiba ulipo kwenye tairi. Sugua kwa msasa mpaka mng'ao utoke, eneo kubwa kuliko kiraka chenyewe. Paka solusheni nyembamba, usirundike. Subiri dakika tano, mpaka isiwe na majimaji, ndipo ubandike na kukandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni. Wakati inakauka, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, mizunguko miwili. Kikinasa mahali, ujue ncha ya mwiba imekatikia humo. Tumia kitambaa, maana kidole kitaipata ncha kabla macho hayajaiona. Halafu upepo. Mimi nina kilo 78, tairi langu ni milimita 25, mbele naweka PSI 80, nyuma 85.

Sasa nilivyofanya. Msasa, ndiyo. Solusheni, ndiyo. Kusubiri, nilisubiri muda wa kuchagua picha moja kati ya mbili. Kitambaa sikupitisha, kitambaa pekee nilichokuwa nacho kilikuwa jezi mpya. Matundu yalikuwa saba, viraka saba vikaingia. Nikaanza kujaza kwa pampu ile ndogo ya mfukoni, ambayo ukitaka ifike panapofaa unaisukuma zaidi ya mara mia mbili. Nilifika mia na kumi mkono ukafa. Nikalibonyeza tairi kwa dole gumba nikasema, "Jiwe." Chuma akalibonyeza akasema, "Embe." Embe bichi au bivu hakufafanua, na kwa mtu anayejiita Chuma alipaswa kufafanua.

Nafunga vifaa, mama mwenye shamba akatokea na ndoo imejaa. Tukamsalimia, "Mbukwenyi!" Akaitikia huku anaangalia mbuyu, maana kaptula zetu mnazijua, hazifichi jambo. Zabibu zilikuwa Makutupora nyekundu, ile iliyopewa jina la kule kwenye kituo cha utafiti kaskazini mwa mji. Ni zabibu ya mvinyo. Punje ndogo, mbegu kibao, ganda la kukwaruza ulimi, lakini ikiiva tamu mpaka meno yanauliza. Nikataka kilo mbili.

"Chukua nusu mwanangu," mama akasema, "hizi si za safari."

"Nipe mbili tu, mama. Nina mifuko."

Kwa mifuko nilimaanisha ile mitatu ya nyuma ya jezi. Kushoto pampu na vifaa, kulia simu na zabibu kidogo, katikati mzigo wenyewe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, mama hakuwa nayo, akanifungia kwenye mfuko wa khaki. Kwa mazingira ni jambo jema kabisa. Kwa mgongo wangu, khaki ikilowa ni sawa na hakuna. Nikapanda baiskeli, mgongoni nimebeba kama mama anayetoka kliniki.

Sasa wajuzi wa mvinyo wananyanyua mkono. Wanasema mhazini unatudanganya, maji ya zabibu nyekundu hayana rangi, rangi iko kwenye ganda. Kweli kabisa. Minya punje moja ya Makutupora uone, maji yake ni meupe meupe tu. Ndiyo maana anayetengeneza mvinyo mwekundu anaponda zabibu, anaziacha zilowe pamoja na maganda yake siku kadhaa kwenye uvuguvugu, anazikoroga kila siku ili rangi ishuke. Anahitaji mambo matatu: kupondwa, joto na kukorogwa. Mgongo wangu ulitoa yote matatu. Joto la mtu anayepanda baiskeli, kiuno kinachokwenda kulia na kushoto kila pedali, na muda wa saa moja na nusu. Siku kadhaa hazikufika, lakini jezi ilikuwa nyeupe, haihitaji mengi. Niliona nyuma panapata ubichi. Nikadhani ni jasho. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba leo nafanya kazi.

Haya, kona.

Tumeshapita Matumbulu, tuko kwenye mzunguko wa nje, upepo umeamka na unatusukuma. Chuma yuko mbele. Kushoto pana kibanda cha soda na benchi, watu kama kumi wamekaa, guta limeegeshwa na makreti ya zabibu. Chuma ameshafika, ameshaagiza. Mimi nakuja. Mita mia moja kabla, usukani ukaanza kuwa mzito, kama kuna mtu amekaa chini ya barabara anaushika kwa vidole viwili. Wadau, kariri hali hiyo. Ndivyo tairi la mbele linavyoaga. Ukiisikia, nyoosha usukani, punguza kwa breki ya nyuma polepole, chomoa mguu mmoja mapema, shuka. Usikunje kona. Usiguse breki ya mbele.

Nilikunja kona na nikagusa breki ya mbele. Kulikuwa na watu kumi kwenye benchi, nilitaka kuegesha kwa madaha.

Naomba tuirudie pole pole, maana mimi kichwani inajirudia hivyo hivyo.

Mwendo ni kilomita kumi na tano kwa saa. Nimeinamia kushoto, nimeweka tabasamu. Tairi linalala ubavuni, rimu inakanyaga mchanga, gurudumu la mbele linasogea pembeni peke yake, bila mimi, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Nina muda wa kuona yote. Namwona mtoto mmoja ameshika ndizi, ameacha kutafuna. Namwona mzee mwenye kofia ya pama ananyanyuka nusu. Najaribu kuchomoa mguu wa kushoto kwenye pedali. Mnajua zile zetu za kunasa, unatoa kisigino nje ndipo zinaachia. Lakini nje ya kushoto kulikuwa kunakuja ardhi. Kisigino kikaenda kikakutana na mchanga, hakina pa kuzungukia, kiatu kikabaki pale pale. Bega likatua. Nyonga ikatua. Kisha nikabingirika chali, baiskeli juu, na kilo mbili kasoro za Makutupora zikapokea kilo 78.

Zilitoa sauti. Chuma anasema ilikuwa kama kukanyaga kopo la juisi. Mimi sikusikia sauti, nilisikia joto. Kitu cha uvuguvugu, kizito, kinanata, kinatambaa kiunoni na kushuka. Na wakati huo huo pampu ikaniingia ubavuni, maumivu ya kweli, hayo siyatanii. Sasa unganisha: maumivu ubavuni, umajimaji wa moto mgongoni. Nikapeleka mkono nyuma, nikauleta mbele ya macho. Mwekundu.

"Damu!" akapiga yowe mama mmoja. Mimi sikuanza. Naomba hilo nalo lisikike.

Nikajaribu kuamka. Mguu wa kulia ukaja. Wa kushoto nikauambia njoo, haukuja. Nikavuta tena, hausogei, kama si wangu. Nikasema kwa sauti ambayo sasa mnayo nyote kwenye simu zenu, "Nimepooza. Chuma, nimepooza upande."

"Mjomba," yule mtoto wa ndizi akasema, "kiatu kimenasa."

"Nyamaza wewe," mzee akamkemea, "mtu anakufa hapa."

Yule mtoto ndiye pekee aliyekuwa sahihi siku ile nzima.

Sasa kuhusu hiyo sauti. Mnamlaumu Chuma kwa kurekodi mtu anayekufa. Hapana, haki yake apewe: nilimwambia mimi. Nilimwambia, "Chuma, toa simu, rekodi maneno yangu." Akatoa. Mikono ilikuwa inamtetemeka, nilidhani ni majonzi.

Mliosikiliza mnakumbuka yalivyokwenda. Kwanza niliwasamehe wote walionikosea, na kwa bahati mbaya nikataja majina. Pili, baiskeli nilimwachia mdogo wangu, kwa sharti abadilishe tairi la mbele. Hata kwenye mauti nilikumbuka hilo. Tatu ndiyo hiyo mnayoipenda, kuanzia dakika ya kwanza na sekunde arobaini: "Chuma... waambie wanachama... ile elfu sitini ya tyubu... ile elfu tano tano ya watu kumi na wawili... sikuagiza Dar... ndiyo jezi hii niliyovaa... nizikeni nayo."

Nizikeni nayo. Nilisema. Siwezi kukataa, nimejisikia.

Wakati huo mzee ameshatoa amri nisigeuzwe mgongo. Wakanibeba kifudifudi watu wanne. Wakashtuka baiskeli nayo inakuja. Ikabidi waninyanyue na baiskeli inaning'inia mguuni, mpaka mtoto wa ndizi alipokwenda, akashika kisigino, akakizungusha nje, tap, baiskeli ikaanguka. Mguu ukapona hapo hapo. Hakuna aliyeona ajabu, wote wanaangalia mgongo.

Nikalazwa kwenye guta juu ya makreti, uso umeangalia chini kwenye zabibu za watu, tunakimbizwa zahanati. Mzee wa kofia alipanda pamoja nami, ananipepea na kuniombea. Katikati ya safari akaacha kuomba akaanza kupiga piga kofia hewani. Nyuki. Mmoja, watatu, baadaye sikuhesabu. Mzee anapiga nyuki, anaomba, anapiga nyuki. Nikamsikia anajisemea, "Damu gani hii inafuatwa na nyuki?" Laiti angelifuata wazo hilo mpaka mwisho. Tungegeuzia njiani.

Nesi alikuwa binti mtulivu. Alinilaza kifudifudi, akavaa glovu, akachukua mkasi aikate jezi.

"Usiikate!" nikaruka.

Akasimama na mkasi hewani. "Kaka, si ulikuwa umepooza?"

"Ivute tu taratibu, dada, ni mpya."

Hapo nadhani ndipo alipoanza kunielewa. Akaipandisha jezi pole pole mpaka mabegani. Kimya. Akachukua pamba, akapangusa. Akachukua nyingine. Namsikia anahema karibu na mgongo wangu kama mtu anayenusa chungu. Dirishani vichwa vimejaa, Chuma ameshika simu, bado inarekodi. Nesi akapeleka vidole viwili kiunoni kwangu, akaokota kitu, akakiinua kwenye mwanga. Akakizungusha. Kisha akaja mbele, akachuchumaa ili tuonane uso kwa uso, akanionyesha, na akaniambia kwa upole ambao sijawahi kuambiwa jambo lingine lolote:

"Kaka. Damu yako ina mbegu."

Kikaja kimya cha kama sekunde tatu. Mzee wa kofia akauliza kitu kwa Kigogo toka mlangoni. Mtu wa dirishani akamjibu neno moja. "Zabibu." Aliye nyuma yake akauliza, akajibiwa, "zabibu." Neno likaondoka dirishani, likapita barazani, likashuka ngazi, nalisikia linavyokwenda, zabibu, zabibu, zabibu, mpaka likafika kwenye guta kule nje. Kwenye guta ndipo kicheko kilipoanzia, kikarudi ndani kwa njia ile ile.

Yaliyobaki ni mafupi. Nina alama ya pampu ubavuni, imekaa vizuri kiasi kwamba unaweza kusoma maandishi yake. Nimepewa panadol. Nesi aliandika kwenye daftari, alipofika sehemu ya tatizo akafunika kwa mkono asije akaona mtu, na mabega yanamcheza. Mwenye guta nimemlipa makreti mawili niliyoyalalia. Fundi wa Nala alikuwa na pampu kubwa lakini haiingii kwenye valvu zetu nyembamba, kwa hiyo wekeni ile adapta ndogo ya shaba kwenye pochi, haizidi uzito wa sarafu. Alipitisha kitambaa ndani ya tairi na kikanasa mzunguko wa kwanza tu. Ncha ya mbigili, fupi kuliko punje ya mchele.

Elfu sitini nimerudisha Jumapili, risiti iko kwenye kundi. Tyubu sita zimeagizwa na zitakaa kwa Chuma.

Jezi niliiloweka kwenye sabuni ya unga usiku huo huo, na hilo nalo ni kosa, kwa sababu rangi ya ganda la zabibu ikikutana na sabuni inageuka. Nililaza jezi nyekundu, nikaamka na jezi ya bluu inayoelekea kijivu. Ilitakiwa ianze na maji baridi na ndimu au siki, sabuni baadaye. Anayejua dawa ya hatua niliyofikia aniandikie pembeni.

Na wewe uliyeifanya ile sauti kuwa mlio wa simu, jana ilikuitia kanisani katikati ya matangazo. Nilikuwa benchi la nyuma yako.